Glavu Kavu

Msikilizaji, ukitaka kumjua kipa wa akiba, usihangaike na namba ya mgongoni. Tazama glavu. Filimbi ya mwisho ikilia, za mwenzake zimelowa mate na maji, zimenasa majani na tope. Zake kavu. Zimelala mapajani, moja juu ya nyingine, kama viatu vya harusi iliyoahirishwa.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Nilipokuwa sekondari, hapahapa Kampala, nilikuwa kipa wa pili kwa miaka miwili mizima. Kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko wa machungwa, kuhesabu mipira isipotelee kwenye migomba ya jirani, na kumpasha moto kipa wa kwanza. Kabla ya kila mechi nampigia mashuti yasiyopungua hamsini. Anaruka huku, anaruka kule, wasichana wanampigia makofi. Mpigaji hakuna anayemjua hata jina.

Siku moja kipa wetu akateguka kifundo cha mguu, mechi haijafika nusu. Nikavua fulana ya juu, nikatemea glavu mate, nikasimama. Kocha akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye soksi. Kisha akageuka, akamwita beki wa kati: "Wewe, vaa glavu za huyu." Nikazivua nikampa. Zikamkaa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Shule siitaji. Kocha naye sasa ni mzee, tukikutana tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto. Nimelileta kisa hiki ili ujue kwa nini kila nikipita Nsambya moyo wangu unakwenda kwa mtu mmoja, Denis Onyango, na si kwa yale makombe mnayoyajua. Unakwenda kwenye ile miaka ambayo glavu zake zilikuwa kavu kama zangu.

Nsambya, kwa wewe unayetusikiliza kutoka Mwanza au Mombasa, ni kilima kilicho kusini ya katikati ya Kampala, katika Makindye. Wengi wanakijua kwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1903, enzi ya Mama Kevin na masista wenzake. Wengine wanakijua kwa Ubalozi wa Marekani na ukuta wake usiokwisha. Mimi nakijua kwa kambi ya polisi na kwa kota za reli. Kampala nzima ikizungumza Kiluganda, hizo ndizo sehemu ambazo watoto walitaniana kwa Kiswahili uwanjani, maana baba wa huyu katoka Tororo, wa yule Gulu, wa mwingine Arua, na lugha ya kikosi ilikuwa moja. Hata Sports Club Villa, timu iliyofanya mazoezi miaka mingi pale Nsambya kwenye uwanja tuliouita Villa Park, mashabiki wake wanajiita Jogoo. Si Kiluganda hicho. Ni chetu.

Juzi nilipita huko asubuhi, mvua imetoka kukatika. Ule uwanja mdogo nilioupita una lango moja tu lenye miti mitatu. La upande wa pili ni mawe mawili na imani. Mbele ya lango nyasi zimekwisha zamani, pamebaki shimo la udongo mwekundu, na shimo lilikuwa limejaa maji. Ndani ya maji hayo yuko kijana peke yake. Anarusha mpira kwenye nguzo, unamrudia, anaruka, anaanguka pwaa, anaamka. Glavu zake zimefungwa selotepu kwenye vidole viwili.

Nikamwita. "Kijana, wewe ndiye namba moja hapa?"

"Hapana, mzee. Mimi namba tatu."

"Na namba mbili yuko wapi?"

"Amelala."

Nilicheka njia nzima. Lakini turudi kwa Onyango.

Alizaliwa Kampala tarehe 15 Mei 1985. Akapitia Nsambya FC, akaingia Villa mwaka 2004, na mwaka huo Villa ikawa bingwa wa Uganda. Huo ulikuwa ubingwa wao wa mwisho kwa miaka 20, hadi walipoupata tena 2024, lakini wakati ule nani angedhani? Mwaka 2005 akaenda Addis Ababa, Saint George, ambako kocha alikuwa Milutin Sredojević, huyu Micho wetu, aliyekuwa ameinoa Villa kabla yake na ambaye baadaye mashabiki wa Yanga walimwona Dar es Salaam. Mwaka 2006 Onyango akateremka kusini, SuperSport United ya Pretoria. Ana miaka 21. Kwa hesabu za vijiweni mwetu, hapo mtu ameshafika. Ameshatoka. Mama anunue kiwanja.

Sasa sikia. Kati ya msimu wa 2007/08 na ule wa 2009/10, SuperSport chini ya Gavin Hunt ilichukua ubingwa wa Afrika Kusini mara tatu mfululizo. Onyango alikuwepo. Neno "alikuwepo" naomba ulishike, maana ndilo neno zito kuliko yote katika maisha ya kipa. Mbele yake alikuwa Emile Baron, mtu aliyekwisha kudaka Norway na kuvaa jezi ya taifa ya Afrika Kusini. Fowadi akikosa namba anaweza kuingia dakika ya sabini, akakimbia pembeni, akapiga krosi moja nzuri na kocha akaiona. Kiungo anaweza kusogezwa beki. Kipa hana pa kusogezwa. Lango ni moja, na aliyesimama ndani yake haondoki mpaka aumie au aharibu. Kwa hiyo kipa wa pili, akiwa mkweli wa nafsi yake, kuna siku anajikuta anamwombea mwenzake mabaya. Mimi nilimwombea wangu. Aliteguka, na bado sikudaka.

Mwaka 2010 Onyango akaondoka kwa mabingwa, akaenda Mpumalanga Black Aces, timu ya kupigania kubaki ligi kuu. Hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe. Hapa Kampala, mchezaji akitoka timu kubwa kwenda ndogo tunasema ameshindwa, na tukishasema hivyo hatumfuatilii tena. Tunamkumbuka siku akirudi na begi. Lakini fikiria kwa akili ya kipa. Timu kubwa inampa jezi safi na basi lenye baridi. Timu ndogo inampa kitu ambacho timu kubwa haikuwa nacho cha kumpa, yaani mashuti. Kila Jumamosi anashambuliwa. Kipa wa timu inayozidiwa anadaka kwa mwezi mipira ambayo wa timu inayozidi wenzake haioni msimu mzima. Onyango alikwenda kulowesha glavu.

Msimu mmoja tu, na Mamelodi Sundowns wakamchukua, 2011. Ungesema hadithi imekwisha. Wapi! Mwaka 2012 Sundowns wakampeleka Bidvest Wits kwa mkopo. Kukopeshwa, msikilizaji, ni neno la kiti na sufuria. Ukilitumia kwa mtu mzima wa miaka 27 linamkaa vibaya. Na aliporudi kutoka kwenye mkopo akakuta nyumbani kumejaa. Yuko Wayne Sandilands. Na ameletwa Kennedy Mweene, yule Mzambia.

Mweene mnamkumbuka. Alikuwa langoni Zambia ilipochukua Kombe la Mataifa ya Afrika 2012 kule Libreville, na kwenye penalti za fainali ile dhidi ya Ivory Coast alipiga moja mwenyewe akafunga. Na ni Zambia hiyohiyo iliyokuja uwanja wetu wa Namboole tarehe 13 Oktoba 2012 ikatutoa Uganda katika kufuzu kwa fainali zilizofuata, kwa penalti tisa kwa nane, tukarudi nyumbani kwa miguu maana teksi zote zilikuwa zimejaa watu wanaolia. Sasa huyo ndiye aliyeletwa kushindana na Onyango kwenye kazi.

Makipa watatu, wote wa timu za taifa, lango moja. Na kocha ni Pitso Mosimane, asiyeridhika na kipa anayejua kudaka tu. Tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kushika kwa mikono pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, kazi ya kipa imekuwa ikigeuka polepole. Zamani ilitosha uwe na mikono na ujasiri. Siku hizi mabeki wakibanwa wanakurudishia wewe, na fowadi anakuja mbio, na unatakiwa utulie, uutoe mpira kwa mguu kwenda kwa mtu aliyevaa jezi kama yako. Sundowns wamejenga jina lao kwa pasi hizo; mashabiki wa Pretoria wanauita mtindo wao kupiga kiwi viatu na kupiga kinanda. Mpira hauchomolewi ovyo. Unaanzia nyuma, na nyuma kabisa ni kipa.

Mtu aliyejifunza kudaka kwenye udongo wa Nsambya, ambako mpira ukitua hujui utaruka kwenda wapi, alijifunza jambo moja: mpira ukija, uondoe! Upige juu, uende Kabalagala ukitaka, mradi usiwe hapa. Na sasa, akikaribia miaka thelathini, anatakiwa aipende ile hofu. Aupokee mpira, auburute, ampe beki. Mweene, aliyezoea hata kupiga penalti, miguu ilikuwa mali yake. Onyango ilibidi aitafute.

Watu wanapenda kusema "alisubiri". Alisubiri kwa subira, wanasema, na subira huvuta heri. Mimi neno hilo silitaki kwa mtu huyu. Kusubiri ni kile nilichofanya mimi na mfuko wangu wa machungwa. Nilikaa miaka miwili nikijiona kipa bora ambaye kocha hajamgundua, na siku kocha aliponitazama alimwona mbeba machungwa, kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Kipa wa akiba wa kulipwa anafanya mazoezi ya mechi asiyocheza, wiki baada ya wiki. Anajifunza fowadi wa Jumamosi anapendelea mguu gani, kona zao zinaangukia wapi, halafu Jumamosi anakaa chini na elimu yote hiyo, na Jumatatu anaanza kumsoma fowadi mwingine. Mshahara anaupata, tena mzuri. Wengi unawalevya, wanauzoea, wanakuwa watu wa kuwepo.

Msimu wa 2015/16 glavu zikawa zake. Alikuwa na miaka 30. Sundowns wakachukua ubingwa wa ligi, na Ligi ya Mabingwa Afrika ikaanza kama mzaha. Walitolewa na AS Vita Club ya Kinshasa. Wametoka, basi, wakashushwa kwenye Kombe la Shirikisho, na huko nako wakatolewa na Medeama ya Ghana. Kisha ikabainika Vita walimchezesha mchezaji asiyeruhusiwa, wakaondolewa, na Sundowns wakarudishwa kwenye mashindano waliyokwisha kufungasha virago. Timu yenyewe ilikuwa ya akiba mwaka ule! Ikacheza kama mtu aliyeitwa kutoka benchi. Nusu fainali ikawatoa Zesco wa Ndola. Fainali, mechi ya kwanza tarehe 15 Oktoba 2016 pale Atteridgeville, ikawapiga Zamalek tatu kwa bila. Siku nane baadaye, Borg El Arab, karibu na Alexandria, Wamisri walipata bao moja tu. Moja halikutosha.

Katikati ya hayo, tarehe 4 Septemba, Cranes, timu yetu ya taifa, waliifunga Comoro bao moja Namboole, mfungaji Farouk Miya, na Uganda ikarudi Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza tangu 1978. Mwaka ule wa 1978 langoni alikuwa Paul Ssali, na pembeni alikimbia Denis Obua wa Polisi, tukafika fainali Accra. Kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa, kikaanza kuota mvi, Cranes hawajarudi. Mimi usiku ule sikulala. Nilikula rolex tatu, zile chapati za mayai, pale njiapanda ya Kabalagala, na muuzaji ya tatu hakutaka pesa.

Tarehe 5 Januari 2017, Abuja, Shirikisho la Soka la Afrika likamtangaza Onyango kuwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Khama Billiat wa pili, Rainford Kalaba wa tatu. Hakuna kipa aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Miaka kumi na miezi kadhaa tangu ashuke Pretoria na begi lake.

Wiki mbili baadaye kikatokea kitu ambacho watu wa hesabu za mabao walikipita bila kukiona. Tarehe 21 Januari, Port-Gentil, Gabon, Uganda na Misri. Upande huu Onyango. Upande ule Essam El-Hadary, miaka 44, aliyekwenda Gabon kama kipa wa akiba. Aliyeanza mechi ya kwanza aliumia, mzee akaitwa, akawa mchezaji mwenye umri mkubwa kupita wote katika historia ya mashindano hayo, akadaka mpaka fainali. Wamisri walitufunga dakika ya 89 kupitia Abdallah El Said, na mpaka leo bao lile likionyeshwa nabadilisha chaneli. Lakini dakika 88 kabla yake nilizifaidi. Watu wawili wa benchi, kila mmoja na lango lake.

Kuna hadithi nyingine ya benchi naipenda, ya mbali kidogo, kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Tarehe 22 Februari 2020, Toronto, makipa wote wawili wa Carolina Hurricanes waliumia usiku mmoja. Utaratibu wao wakati ule ulikuwa kwamba kila uwanja uwe na kipa wa dharura, yeyote, anayekaa jukwaani iwapo mambo yataharibika hivyo. Usiku huo alikuwa David Ayres, miaka 42, dereva wa mashine ya kusawazisha barafu, mtu anayeishi kwa figo aliyopewa na mama yake. Akavaa, akaingia. Mashuti mawili ya kwanza, mabao mawili. Nadhani kocha alimtazama kama wangu alivyonitazama. Halafu akadaka nane yaliyofuata, na timu yake ikashinda sita kwa tatu.

Ni hadithi tamu, nayo imesimuliwa dunia nzima. Mimi nachukua ya Onyango. Ayres alitakiwa kuwa tayari kwa usiku mmoja. Huyu wetu alitakiwa kuwa tayari kwa karibu miaka tisa, na baada ya hapo adake kila wiki watu wakimtazama, na bado asiharibu. Mwaka 2019 kule Cairo, hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa, Sadio Mané alikwisha kutufunga. Akapata penalti. Onyango akaidaka. Tulitoka kwa bao lile moja, lakini hiyo penalti waulize Wasenegali.

Na mwaka 2022 Sundowns wakamsajili Ronwen Williams. Onyango alipokuwa SuperSport, Williams alikuwa kijana wa akademi ya klabu hiyohiyo. Sasa amekuja kuchukua lango, na amelichukua kweli. Februari 2024 pale Yamoussoukro, kwenye Kombe la Mataifa, alidaka penalti nne za Cape Verde katika mechi moja, Afrika Kusini ikaingia nusu fainali. Onyango, miaka 37 wakati Williams anafika, nahodha wa zamani wa Cranes, mwenye tuzo ya Abuja nyumbani, akarudi kuwa namba mbili. Akabaki klabuni. Akaendelea kwenda mazoezini asubuhi, akaendelea kupokea mashuti. Wapo walioniambia ni aibu, angestaafu na heshima zake. Nikawauliza, benchi lina aibu gani kwa mtu aliyelijua kabla ya lango?

Basi juzi pale Nsambya sikwenda zangu moja kwa moja. Yule namba tatu aliniita. "Mzee, nipigie hata mawili." Nikaweka mwavuli na redio yangu chini ya mti, nikakunja suruali. Miaka thelathini na kitu sijapiga mpira. Nikarudi nyuma hatua nne kama zamani, nikaja.

Mpira ukapaa, ukavuka mti wa juu, ukaingia kwenye migomba.

Kijana hakucheka. Akatoka kwenye shimo lake la maji, akaufuata, akakaa huko kitambo majani yakitikisika. Akarudi anaupangusa kwenye kaptula, akauweka mbele ya kiatu changu, akarudi langoni.

"Bado moja, mzee."